Muhula Mmoja Ugenini: Mwanafunzi wa Sanaa Anafuata Nini?

Mpango wa kubadilishana wanafunzi kwa muhula mmoja hauhitaji maelezo marefu. Vyuo viwili hutia saini makubaliano. Mwanafunzi huendelea kulipa ada chuoni kwake, husoma chuo cha pili bila kutozwa ada nyingine, na mwenzake wa upande ule huja kukaa kwenye nafasi aliyoiacha. Kabla ya safari huandikwa hati ya masomo inayotaja kozi atakazochukua ugenini na zile zitakazohesabiwa kuwa amezikamilisha nyumbani. Kwa mwanafunzi wa sheria au uchumi, utaratibu huo karibu unatosha. Kwa mwanafunzi wa ufinyanzi, ufumaji, uchapaji, uchongaji au ubunifu wa samani hautoshi, kwa sababu anachokifuata hakimo katika orodha ya mihadhara. Kimo katika karakana, katika malighafi, na katika namna watu wa mahali pale wanavyoitazama kazi na kuijadili. Hoja ya makala haya ni kwamba muhula wa ugenini humfaa mwanafunzi wa sanaa ukimfikisha kwenye karakana ambayo chuo chake hakina, kazi aliyoifanya huko ikitambuliwa nyumbani, na mlango ukifunguka kwa pande zote mbili. Yakikosekana hayo, kinachobaki ni matembezi, na matembezi hayahitaji chuo.

Wasanii kwenda kujifunza ugenini ni desturi ya zamani. Mwaka 1666, chini ya Mfalme Louis XIV na waziri wake Colbert, Ufaransa ilifungua akademia yake mjini Roma, ambako vijana waliotunukiwa Prix de Rome walipelekwa kukaa miaka kadhaa wakinakili sanamu na majengo ya kale. Tuzo hiyo ilidumu hadi 1968. Ilikuza wachoraji na wachongaji mahiri, lakini haikuwa mabadilishano, kwa kuwa Ufaransa ilipeleka watu na Roma ikatoa vya kunakiliwa. Sura nyingine ya upande mmoja ipo hadi leo. Chuo cha Rhode Island School of Design cha Marekani kimekuwa na programu yake mjini Roma tangu 1960. Chuo kinachojenga tawi lake ng'ambo hupata urahisi mkubwa, maana mtaala ni wake na krediti hazina ubishi. Anachokosa mwanafunzi wa tawi la namna hiyo ni kuketi benchi moja na wanafunzi wa mahali pale kama mmoja wao, akipimwa na walimu wasiomjua kwa vigezo ambavyo hajavizoea. Hilo hupatikana tu pale anapoingia katika chuo cha watu wengine na kufuata taratibu zao.

Mabadilishano ya pande mbili yalipata umbo lake kubwa barani Ulaya, na chanzo chake ni mgogoro wa vyeti. Mwaka 1958 Sofia Corradi, mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Roma, alirudi kutoka Columbia, New York, na shahada ya uzamili. Chuo chake kikakataa kuyahesabu masomo hayo. Alitumia miaka mingi kupigania utaratibu wa kutambua masomo ya ugenini, na mwaka 1987 Jumuiya ya Ulaya ikazindua mpango wa Erasmus. Mwaka wa kwanza walisafiri wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11. Leo waliopitia mpango huo na mrithi wake, Erasmus+, wamepita milioni 10. Watu wa sanaa waliitikia mapema: mwaka 1990 vyuo vichache, vikiongozwa na chuo cha sanaa na ubunifu cha Helsinki na Royal College of Art cha London, viliunda mtandao wa Cumulus ili kuratibu miradi na mabadilishano ya wanafunzi na walimu. Sasa mtandao huo una wanachama zaidi ya 300 duniani. Kipimo cha pamoja kikawa krediti, 60 kwa mwaka na 30 kwa muhula, kila moja ikikadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, na baada ya Azimio la Bologna la 1999 la kuoanisha elimu ya juu ya Ulaya kipimo hicho kikaenea karibu bara zima.

Hesabu hiyo ilitibu tatizo la Corradi, lakini katika vyuo vya sanaa ilifichua jingine. Krediti hupima muda uliotumika, haisemi mkono umejifunza nini. Zaidi ya hapo, vyuo vya sanaa havikupangwa kwa namna moja. Katika akademia nyingi za Ujerumani, Düsseldorf ikiwa mfano unaojulikana sana, mwanafunzi huwa wa darasa la profesa mmoja na hukua chini yake kwa miaka. Mgeni asiye na profesa aliyekubali kumpokea hana pa kusimama hata kama fomu zake zimekamilika. Kwingineko masomo hukatwa vipande vya wiki chache, na mgeni hupangiwa kozi zenye nafasi, ziwe zinamhusu au hazimhusu. Kalenda nazo hazilingani. Nchini Ujerumani muhula wa kiangazi huanza Aprili, ilhali katika nchi nyingi muhula wa pili huanza Januari au Februari, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kumaliza miezi akisubiri au akarudi nyumbani wenzake wameshaanza. Kwa sababu hizi makubaliano yanayotiwa saini na ofisi ya uhusiano wa kimataifa peke yake ni dhaifu. Makubaliano imara huanzia chini, pale mkuu wa karakana ya ufumaji wa chuo kimoja anapomjua mwenzake wa chuo cha pili, anapoijua mitambo aliyonayo, na anapojua mwanafunzi atakayempeleka atafanya kazi gani.

Kwa nini karakana ipewe uzito wote huo? Kwa sababu maarifa ya sanaa na ubunifu kwa sehemu kubwa hayahami kwa maandishi. Mwaka 1983 Donald Schön, mwanazuoni wa chuo cha MIT, alichapisha uchambuzi mashuhuri wa namna wataalamu wanavyofikiri wakiwa kazini, na mfano wake mmojawapo ulikuwa mazungumzo ya mwalimu wa usanifu majengo na mwanafunzi wake juu ya mchoro. Alionyesha kwamba mwalimu hatoi kanuni kisha akazitumia. Huchora na kusema kwa wakati mmoja, hujaribu, huona kilichotokea, hubadili. Anayetaka kujifunza hilo sharti awepo mchoro unapobadilika. Vivyo hivyo katika kikao cha uhakiki, ambapo kazi hutundikwa ukutani na kila aliyepo huisemea. Kuna walimu wanaomtaka mwanafunzi aeleze kwanza nia yake. Wengine humtaka anyamaze asikie wenzake wameona nini bila kuongozwa. Mwanafunzi aliyelelewa katika desturi moja tu huiona kuwa ndiyo sanaa yenyewe. Akikutana na ya pili, anatambua kwamba ile ya kwanza ilikuwa uamuzi wa watu, na kuanzia hapo anaweza kuchagua.

Ushahidi ulio karibu nasi ni maisha ya Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea michoro ya biashara, na huko akavutwa na udongo. Kati ya 1974 na 1975 alikwenda Nigeria kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Huko Ladi Kwali na wanawake wengine wa Kigwari walikuwa wakijenga vyungu kwa mkono, bila gurudumu. Alikwenda pia New Mexico, Marekani, kwenye jamii ya San Ildefonso inayosifika kwa vyungu vyeusi vya María Martínez. Alisoma pia Farnham, Uingereza, na baadaye Royal College of Art alikohitimu mwaka 1982. Vyungu vilivyompa jina duniani vimejengwa kwa mkono, vikasuguliwa hadi kung'aa, kisha vikachomwa. Moto wenye hewa ya kutosha huvipa rangi ya chungwa, na moto ulionyimwa hewa huvigeuza vyeusi. Safari zake hazikuwa mabadilishano rasmi ya vyuo, lakini zinaonyesha kinachofanya muhula wa ugenini uzae. Alifuata ufundi mahususi ambao alikokuwa haukufundishwa na watu waliozaliwa nao. Hakukaa muda mrefu, lakini alirudi kwenye masomo yaliyompa nafasi ya kuyafanyia kazi aliyoyaona. Na ramani ya safari yake haikuwa ile ya kutoka Afrika kwenda Ulaya tu, kwani Mkenya aliyekuwa akiishi Uingereza alimpata mwalimu wake Nigeria.

Yupo atakayesema kwamba intaneti imeuondoa ulazima wa kusafiri. Leo mbinu za kuchoma vyungu huonyeshwa kwenye video, na mhakiki aliye Tokyo anaweza kuiona kazi ya mwanafunzi wa Kampala saa hiyohiyo ilipokamilika. Hoja hii ina nguvu kwa masomo yanayoishia kwenye skrini, kama michoro ya kompyuta na uhuishaji, na vyuo vinavyofundisha masomo hayo vingefanya vyema kuunda madarasa ya pamoja mtandaoni kabla ya kutafuta nauli. Kwa masomo ya mikono, jaribio kubwa lilikwisha kufanyika mwaka 2020, Uviko-19 ulipofunga vyuo. Nchini Uingereza wanafunzi wa sanaa waliendesha kampeni ya kudai masomo yasimamishwe au warudishiwe ada. Hawakuwa wamenyimwa mihadhara, maana mihadhara iliendelea. Walichonyimwa ni matanuri, mitambo ya chapa, vyumba vya kazi na macho ya wenzao, na walijua kwamba hicho ndicho walichokilipia. Kama kuikosa karakana ya nyumbani kuliwagusa kiasi hicho, hakuna sababu ya kudhani kwamba karakana ya mbali inaweza kujifunzwa kwa kutazamwa.

Pingamizi la pili ni la muda. Muhula ni wiki 15 hivi. Chombo cha udongo huhitaji siku nyingi kukauka polepole kisipasuke, huchomwa mara ya kwanza, hupakwa rangi ya kioo, huchomwa tena. Kutandika nyuzi kwenye mtambo wa kufumia huweza kula siku kadhaa kabla mstari wa kwanza haujafumwa. Ongeza mafunzo ya usalama ambayo mgeni hufanya kabla ya kuruhusiwa kugusa mashine, na theluthi ya muhula inaweza kuyeyuka. Kwa hiyo ni kweli kwamba muhula mmoja hautoi ubingwa, na chuo kinachoahidi ubingwa kinamdanganya mwanafunzi. Lakini muhula unatosha kwa swali moja lililoandaliwa vizuri: udongo huu unahimili joto gani, nguo hii inashikaje rangi, kiti hiki kinaungwaje bila misumari. Mwanafunzi anayefika na swali hufanya katika wiki 10 kazi ambayo anayefika kutalii hataifanya kwa mwaka. Maandalizi hayo ni wajibu wa chuo kinachompeleka, na mwisho wake ni wajibu pia. Sanamu na vyungu mara nyingi havipandi ndege, hubaki kule vilikotengenezwa. Chuo cha nyumbani kisichoeleza mapema kitapokea ushahidi wa namna gani, iwe picha, vipande vya majaribio au daftari la kazi, kitajikuta kikitoa alama kwa kukisia.

Pingamizi la tatu lina historia chungu kwetu: kwamba anayekwenda kusoma Ulaya hurudi mwigaji. Hofu hiyo haikuzuka bure, kwa kuwa shule za kikoloni ziliwafundisha vijana wengi kuona kwamba kilicho chao ni kazi ya mikono tu na sanaa iko kwingine. Hata hivyo ushahidi haukubali jibu jepesi. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, alisoma Makerere na kisha shule ya sanaa ya Slade mjini London katika miaka ya 1950. Aliendelea kuchora mashamba, sherehe na kazi za Wachaga kwa rangi bapa na mpangilio wake mwenyewe, bila kuusujudia mtazamo wa umbali unaofundishwa Ulaya, na mwaka 1960 jumba la makumbusho la MoMA la New York lilipata mchoro wake. Uigaji huletwa zaidi na kukutana na kielelezo kimoja tu na kuambiwa kuwa ndicho kipimo. Dawa yake ni kuongeza idadi ya vielelezo, na hasa kumfikisha mwanafunzi mahali ambapo mwalimu wake hatakuwa Mzungu wala mtu wa kwao.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Tume ya Ulaya ilichapisha utafiti mwaka 2014 ulioonyesha kwamba waliosoma au kufanya mafunzo nje ya nchi walikuwa na nusu ya hatari ya kukaa muda mrefu bila kazi, wakilinganishwa na wasiokwenda. Takwimu hiyo imenukuliwa sana, lakini isomwe kwa makini. Wanaokwenda huwa tayari wana alama nzuri, lugha ya ziada na wazazi wenye uwezo wa kuziba pengo la posho, kwa hiyo sehemu ya mafanikio yao waliondoka nayo nyumbani. Kwa mwanafunzi wa sanaa pengo ni pana zaidi, maana msamaha wa ada haununui turubai, karatasi za chapa, udongo wala mbao. Kwa anayetoka Afrika, viza huja kwanza. Tangu Septemba 2024 Ujerumani humtaka mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya aonyeshe kwamba ana euro 992 kwa mwezi, yaani karibu euro 6,000 kwa miezi sita, isipokuwa awe na ufadhili unaofikia kiwango hicho. Mpango unaotangaza nafasi bila kutaja fedha hiyo umekwisha kuwachagua watu wake kabla ya kuona kazi zao. Jibu la haki si kufuta mabadilishano, bali kuhesabu vifaa na viza ndani ya ufadhili, na kupeleka wachache waliogharimiwa kikamilifu kuliko wengi wanaojitegemea nusu.

Fedha pia ndizo zinazoamua kama mlango una pande mbili. Uswisi ilipoenguliwa kwenye Erasmus+ mwaka 2014, baada ya kura ya maoni kuhusu uhamiaji, ilitenga fedha zake kugharimia Waswisi wanaotoka na wageni wanaoingia. Uingereza ilipojitoa baada ya Brexit, ilianzisha mwaka 2021 mpango wa Turing unaogharimia wanaotoka tu, na Desemba 2025 ikatangaza kwamba itarudi Erasmus+ mwaka 2027. Tofauti ya maamuzi hayo mawili inagusa kiini cha jambo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na katika karakana usemi huo ni halisi. Mwanafunzi mgeni huleta mbinu, maswali na jicho ambalo darasa halina, na wanaofaidika zaidi ni wale wenyeji ambao hawatapata kamwe nauli ya kusafiri. Serikali inayolipia wanaotoka na kuwasahau wanaoingia huwanyima wanafunzi wake wengi zaidi nusu ya faida iliyokuwa inawezekana.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapaswa kujitazama upya, kwa kuwa tuliwahi kuwa na mfumo wa kwetu. Kuanzia 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, vikigawana fani: sheria ilianzia Dar es Salaam, uhandisi ulikuwa Nairobi, udaktari ulikuwa Makerere, na vilevile sanaa, katika shule iliyochipuka kutokana na madarasa ya Margaret Trowell ya 1937. Kabla na wakati wa mfumo huo, kuvuka mpaka lilikuwa jambo la kawaida kwa wasanii. Gregory Maloba, Mkenya aliyelelewa Makerere, ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, kisha akaongoza idara ya ubunifu Nairobi. Elimo Njau, Mtanzania aliyesoma Makerere, alianzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965. Vyuo vilipotengana, kila nchi ilijenga idara yake. Hilo liliongeza nafasi za masomo, lakini lilikata njia ambayo wanafunzi walikuwa wakipita kufuata mwalimu na karakana. Nyenzo za kisheria za kuirudisha zipo. Mkataba wa kutambuliana masomo barani Afrika ulipitishwa Arusha mwaka 1981, ukafanyiwa marekebisho Addis Ababa mwaka 2014, na toleo hilo likaanza kutumika Desemba 2019. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lina makao yake Kampala, na mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza kanda hiyo kuwa eneo moja la elimu ya juu.

Itasemwa kwamba jirani hana cha kumfundisha jirani, kwamba mitambo ni ileile chakavu. Anayesema hivyo amehesabu mashine na kusahau ufundi. Mwanafunzi wa nguo wa Nairobi anaweza kujifunza Buganda namna ukoo wa Ngonge unavyotwanga gome la mutuba hadi liwe lubugo, ufundi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anaweza kwenda Kirehe, mashariki mwa Rwanda, kujifunza imigongo, michoro ya mistari inayoinuliwa kwa samadi ya ng'ombe. Kinshasa ina akademia ya sanaa yenye mizizi katika shule iliyoanzishwa mwaka 1943. Wao nao wana la kufuata kwetu, kuanzia nakshi za milango ya Zanzibar na Lamu hadi uchongaji wa Wamakonde na ubunifu wa kanga. Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, na mwanafunzi wa Lubumbashi anaweza kuelewana na mwenzake wa Dar es Salaam kwa Kiswahili karakanani, ingawa fomu za vyuo vyao zimeandikwa Kifaransa na Kiingereza. Nauli ya basi kwenda nchi jirani ni sehemu ndogo sana ya fedha inayodaiwa ubalozini kwa ajili ya Ulaya. Kwa bajeti ya kumpeleka mmoja Berlin, wanaweza kwenda kadhaa Kampala, na kadhaa wakaja.

Hili si pendekezo la kuifunga njia ya Helsinki au London. Chuo ambacho wanafunzi wake wamezoea kubadilishana na majirani kitakwenda huko kikiwa na uzoefu wa kuandika hati za masomo, kupima kazi za wageni na kupokea watu, na kitajadiliana kama mshirika mwenye karakana inayotafutwa, kuliko kama mwombaji wa nafasi. Kazi ya kuanzia ni ndogo na iko ndani ya uwezo wa idara zetu za sasa: idara mbili zichague karakana moja kila upande, zilinganishe kalenda kwa muhula mmoja, zikubaliane mapema ni kazi gani itahesabiwa kwa krediti ngapi, na zitenge fedha za vifaa kwa mgeni sawasawa na anayetoka. Wakuu wa idara wanaweza kuyafanya hayo bila kusubiri mkutano wa mawaziri. Kila mwaka wanaouacha upite, kundi jingine la wanafunzi linahitimu likiwa limemjua mwalimu mmoja, udongo wa aina moja na namna moja ya kuitazama kazi.